Vibati Viwili Chini ya Nyigu

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama u mzima kwa kiasi tu, basi hicho kiasi kizidi. Sisi hapa hatujambo. Bado nashona viti vya magari katika kile chumba cha pembeni ulichokuwa unawekea matairi. Ukiinama kwenye kona unasikia harufu ya mpira mpaka leo. Binamu mkubwa amepata mapacha, wote wamefanana na baba mkwe wake, masikini. Mama yupo, na maneno yake yapo.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila mtu ana simu mfukoni. Nilikupigia, ukasema "eeh" mara nne, kisha ukasema mtandao unakata, na mimi nilikuwa nasikia hadi unavyopumua. Kwa hiyo nakuandikia, ukae chini ujibu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anapoteza masikio. La kushoto limeshakwenda zake. La kulia, daktari anasema huenda likafika mwisho wa mwaka, huenda lisifike. Mama huyu huyu aliyekuwa akisimama mlangoni mwa gereji, gari likipita tu barabarani anasema plagi ya pili haichomi! Nilimuuliza angependa kusikia nini kabla halijafunga. Nilidhani atataja wimbo. Akasema, "Nyigu."

Usiniambie humkumbuki, gari lenu lile. Yupo chini ya turubai, manjano yake imepauka, milango miwili, injini nyuma, mdogo kuliko nilivyomkumbuka utotoni. Mama aliijenga injini upya peke yake miaka tisa iliyopita, akachongesha krenki, akatia beringi mpya, akairudisha mahali pake. Kilichobaki ni ule mfumo wa kupoza oili mlioubadilisha ninyi wawili: rejeta ndogo ya oili mliyoitoa nyuma kwenye joto la injini mkaipeleka mbele chini ya bampa, na mabomba mawili marefu yanayopita tumboni mwa gari. Hapo mama hagusi. Anazunguka gari zima na kitambaa mkononi, akifika hapo anageuka.

Nataka kumaliza mimi, na nataka kumaliza kabla sikio halijafunga. Rejeta ya zamani inafaa? Mabomba nayasafishaje? Thamostati naijuaje kama ni nzima? Oili gani? Na swali la tano: siku ile mlimani, siku Nyigu aliponoki injini ikafa, ilitokea nini? Mama nikimuuliza hilo, masikio yote mawili yanaziba.

Mpwa wako anayekusubiri kwa hamu na kwa hasira kidogo,
Sindano


30 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo unalalamika lakini haujagoma. Huku ni majira ya ukungu, asubuhi kiwanda hakionekani mpaka ukiguse ukuta, na watu wanaingia kazini mmoja mmoja wakitokea kwenye weupe kana kwamba ndiyo kwanza wanaumbwa. Karatasi unayoishika tumeitengeneza sisi. Imekataliwa kwa sababu ina mawimbi. Iweke kwenye mwanga wa dirisha utayaona. Pampu za hapa nazitunza mimi, kwa hiyo huenda mawimbi ni yangu. Wape hongera wazazi wa mapacha. Sura za watoto hubadilika, wasikate tamaa.

Habari ya masikio nimeisoma. Nimetembea na barua yako mfukoni siku nyingi.

Sasa kazi. Rejeta ya zamani tupa. Injini ikinoki inasaga beringi zake, na chembe za chuma zinaingia katika vijia vyembamba vya rejeta na hazitoki, hata uoshe mwaka mzima. Ukiirudisha, chembe hizo zitaila injini mpya ya dada. Tafuta rejeta nyingine ya ukubwa ule ule. Mabomba yanaoshwa: pitisha waya, vuta kitambaa cheupe, rudia mpaka kitoke cheupe. Wewe ni mshonaji, weupe unaujua. Mipira ya ncha zote iwe mipya.

Thamostati ni mlango mdogo unaojua joto. Oili ikiwa baridi, mlango umefungwa na oili inazunguka huko huko nyuma. Ikipata moto mlango unafunguka, oili inasafiri mbele, inapoa, inarudi. Itie kwenye sufuria ya maji, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka itafunguka. Isipofunguka, hiyo si mlango tena, ni ukuta.

Mbele, kwenye tundu la kutokea la rejeta, kuna vali ya njia moja. Inapitisha oili upande mmoja tu, ili isirudi kinyumenyume gari likiwa limelala. Ina mshale uliochongwa juu yake. Ufuate mshale.

Oili iwe nzito kidogo, dada anajua namba yake. Nadhani nimejibu yote. Msalimie.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena. Umejibu manne. Mimi napima kwa sentimita siku nzima, kuhesabu mpaka tano najua.

Mapacha wameota meno, mmoja ameanza kufanana na mama yake, tunashukuru. Barua yako mama ameisoma mara tatu. Kisha akaisimamisha dirishani, akayatazama yale mawimbi muda mrefu, kidole kikiyafuata, akasema, "Pampu yake inavuta hewa. Mwambie aangalie kwenye shingo ya bomba la kuvutia." Nakufikishia kama nilivyopewa.

Rejeta mpya nimepata kwa muuza vyuma chakavu, ilikuwa ya trekta dogo ambalo halikuwahi kufanya kazi. Ya zamani sijaitupa. Nilipoibeba kwenda nje mama aliichukua mikononi mwangu, akaifunga kwenye shuka, akaiweka chini ya kitanda chake. Sasa tunalala nayo nyumba moja.

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili kijivu, na ndani ya ule ujivu kulikuwa na vumbi linalometameta, zuri mno. Nilikaa pale sakafuni nikiligeuzageuza kwenye jua mpaka nikakumbuka kwamba ni beringi zenu. Cha tisa kimetoka cheupe.

Thamostati niliitia kwenye sufuria jana mchana. Mama akasogeza kiti. Mvuke ukaanza kupanda, kioo cha dirisha kikafifia, jikoni kukawa kimya. Halafu ikalia, tik, ndogo sana, ikafunguka. Nikageuka nimwambie, nikakuta haangalii sufuria, ananiangalia mimi usoni. Alikuwa anasubiri kuona kwenye uso wangu kama imelia. Akatabasamu akasema, "Safi." Nikatoka nikaenda kusimama kwenye kona ya matairi, nikalia huko.

Mjomba, muda hautungojei. Mlimani ilitokea nini?

Sindano


6 Julai

Sindano,

Nisamehe kuchelewa. Nilianza barua tatu, moja ikawa ya kuwashia jiko, mbili bado ziko chini ya godoro. Afya ipo. Nimehamishiwa chumba kingine, kina dirisha linalotazama matangi, na asubuhi matangi yanaelea.

Mwambie dada kwamba shingo ya bomba la kuvutia ilikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele. Nimeuziba. Karatasi inatoka laini sasa, kama unavyoiona hii. Msimamizi aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia dada yangu ameisikia, na akacheka akidhani natania.

Siku hizi namwota Nyigu. Anapita katikati ya kiwanda, polepole, taa zimewaka, hana dereva, na hatoi sauti yoyote. Namkimbilia niweke mkono juu ya kifuniko cha injini nijue kama ana moto, sifiki. Mtu mzima na ndoto za namna hii.

Endelea hivi: funga rejeta mbele kwa mipira minne ya kuzuia mtikisiko. Mabomba yasiguse ekzosi. Nati za mabomba zikaze kwa mkono kwanza, kisha spana, robo mzunguko. Ukifika nyuma kwenye injini, usiamini kibati chochote utakachokikuta. Fuata bomba kwa mkono wako mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hilo la mlimani liache, mwanangu. Ni la zamani.

Mjomba


28 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazileta baadaye, nikianza na mapacha sitafika.

Vibati gani? Mimi sikukutajia vibati. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikachukua tochi nikaingia chini ya Nyigu na nguo za kazini. Nikavipata. Vipo kwenye ncha za mabomba, mbele na nyuma, vimefungwa kwa waya, vimekula tope. Nikapangusa kwa mate na kidole. YANAENDA. YANARUDI. Mwandiko wa mama, ile N yake yenye mguu mrefu.

Nikafuata bomba kwa mkono kama ulivyosema. Tundu ambalo injini inatolea oili limeshikizwa kwenye bomba la YANAENDA, kama nilivyolikuta. Nikalifuata tumboni kote mpaka mbele, nikakuta linaishia kwenye ile vali ya njia moja, na mshale wa vali unanitazama mimi, unaelekea kulekule bomba linakotoka. Nililala pale nikiutazama. Mafuta, ile oili, yalikuwa yanatoka kwenye injini yanakwenda kugonga mlango uliofungwa. Siku za kuzunguka mtaani hakuna aliyejua, kwa sababu thamostati ilikuwa haijafunguka. Mlimani yakapata moto, ikafunguka, injini ikakauka.

Nikatoka na vumbi kichwani nikampelekea mama kibati. Alikuwa anapiga pasi. Akaweka pasi pembeni, akakaa. Akasema, "Mwandiko wangu." Nikamwandikia swali kwenye karatasi kwa sababu sikutaka kulipigia kelele. Akaanza kuongea, Mjomba, kwa sauti ya chini ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

Anasema siku ile ya kufunga mabomba alikuwa mbele, kwenye rejeta. Aliandika alivyoona akiwa pale: bomba ambalo mafuta yanaiacha rejeta akaliita yanaenda, yanaenda kwenye injini. Jioni ya siku ya mlimani aliinama chini ya gari akaona. Akajua ameandika upuuzi, ameua kazi ya miaka saba ya watu wawili. Akakusubiri umwambie. Hukusema. Ulipofunga sanduku akaona umeshindwa hata kumtazama usoni, na kwamba una haki. "Nilimwacha aondoke," anasema, "ningemzuia kwa mdomo gani?"

Mimi nimekwenda kukaa mbele nikasoma kibati, kiko sawa. Nikaja nyuma nikakisoma tena, kiko sawa vilevile. Sasa niambie nani kakosea.

Kila kitu kimefungwa isipokuwa nati mbili za nyuma, pale penye injini. Nilipotaka kuzikaza mama alichukua spana akaitia mfukoni mwa aproni. "Hizo si zako," akasema. Nimemwambia sikio halitasubiri. Ameniambia ndiyo maana.

Sindano


2 Septemba

Mwanangu,

Barua yako niliisoma kwenye benchi nje ya kiwanda, king'ora cha kwanza kikalia, cha pili kikalia, nikabaki nimekaa. Hapa wananijua kwa kuwahi, wakaja kuniangalia kama nimekufa.

Nitakuambia sasa. Mimi nilikuwa nimelala chini, nyuma, spana mkononi. Nikakishika kibati kati ya vidole viwili nikajiuliza: yanaenda, yanaenda wapi? Nilijiuliza kweli, Sindano. Ilikuwa inatosha kupaza sauti. Dada alikuwa hatua nne kutoka nilipo, nilikuwa naona viatu vyake, alikuwa anapiga mluzi kwa meno. Lakini siku moja kabla alikuwa ameniita Bwana Maswali mbele ya gereji nzima, kwa sababu ya kuuliza uliza kwangu. Watu walicheka, hata mimi nilicheka, kumbe limeniingia. Nikanyamaza nikafunga nilivyoelewa.

Mlimani kulikuwa na ukungu mzito, tuko peke yetu ndani ya weupe. Yeye anaendesha, mimi kushoto kwake. Kabla mshale wa oili kwenye dashibodi haujaanguka alishasikia. Akasema, "Amekufa," akaondoa mikono kwenye usukani akailaza mapajani. Tukamteremsha Nyigu kwa kumsukuma, kila mtu kwenye mlango wake, hakuna aliyesema neno hadi nyumbani.

Jioni ile na mimi niliinama nikaona. Kumbe tumepishana dakika chache tu chini ya gari moja! Nikajua nimesoma vibaya, mimi mwenye cheti cha ufundi ukutani. Nikamsubiri aseme kwamba ni mimi. Hakusema. Nikaona ananihurumia, na huruma ya dada sikuiweza. Siku ya nane nikaikubali kazi ya huku. Miaka ishirini na miwili nimekaa nikidhani ananisamehe kila siku, na mimi sistahili.

Nalia ninapoandika, wala sioni haya kukuambia. Ukiona mawimbi kwenye karatasi hii, safari hii pampu haina kosa.

Msomee dada yote. Usiruke kitu.

Mjomba


19 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimemsomea yote, mdomo karibu na sikio la kulia, mengine ilinibidi kuyarudia. Nilipofika pale pa kupishana chini ya gari alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaenda chumbani akafunga mlango, akatoka na ile rejeta ya zamani, akaitupa kwenye pipa mwenyewe.

Daktari amempima tena Jumanne. Hakusema mwisho wa mwaka. Alisema, "Kama kuna jambo, lisicheleweshwe."

Humu ndani ya bahasha kuna vibati viwili. Usivishangae, ni vile vile, vya nyuma. Mama amekaa navyo mezani na mkasi wa bati, akakata YA kwenye kila kimoja. Soma kilichobaki. Anasema uchague kimoja umrudishie, kingine ukae nacho, na kwamba safari hii hataki kuandika zaidi ya hapo kwa sababu maandishi yake yana historia.

Mimi nimepata kazi ya viti vya ukumbi mmoja, safari ya basi ya siku nzima, ni viti mia tatu vyenye kitambaa chekundu. Nitaondoka mwezi ujao na sitakuwepo nyumbani wiki tano. Kazi hiyo ningeweza kuikataa. Sikuikataa. Anwani yangu ya huko nimeiandika nyuma.

Spana bado iko mfukoni mwa aproni.

Sindano


25 Oktoba

Sindano mwanangu,

Hujambo? Viti vimefika vingapi? Mimi sijambo, mama yako hajambo, mapacha wameletwa jana kunitazama na wote wawili wamelia. Naandika kwenye meza yako ya kukatia, nimesogeza chaki zako pembeni, usinigombeze. Karatasi ni ya dukani.

Kile kibati chenye NARUDI nimekileta mwenyewe mfukoni, maana posta ingechelewa kuliko mimi. Nilimkuta dada mlangoni mwa gereji. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Akanyoosha mkono, nikampa kibati, akanipa spana.

Tulizikaza zile nati jana asubuhi. Mimi chini, nyuma. Yeye mbele kwenye rejeta na tochi. Nikapaza sauti, "Dada! Haya yanaenda wapi?" Akajibu, "Yanakuja kwangu!" Nikasema, "Na haya?" Akasema, "Yanatoka kwangu, yanakuja kwako!" Kwa kila nati tuliulizana hivyo, mara mbili mbili, yeye hasikii vizuri na mimi sina aibu tena, hadi jirani akaja kuuliza tunagombania nini.

Dada akamwasha Nyigu. Sitaweza kukueleza, itabidi uje. Aliacha mlango wazi, akaja nyuma akainamisha sikio la kulia, kiganja juu ya kifuniko cha injini, macho amefumba. Nilikwenda mbele nikashika bomba. Baridi. Baridi bado. Kisha likaanza kupata uvuguvugu chini ya vidole vyangu, mlango wako wa sufuriani umefunguka, mafuta yamefika. Nilibaki nimelishika mpaka likaniunguza.

Tukapanda mlima. Ukungu ulikuwepo, mwembamba, jua limo ndani yake, barabara inajitokeza kipande kwa kipande na Nyigu anaimba katikati. Tulipofika kwenye kona ile sote wawili tulitazama mshale wa oili. Umesimama. Juu hakuzima, alikaa anasikiliza. Halafu akasema, "Valvu ya tatu inagonga kidogo." Mimi sikusikia kitu, na masikio yangu ni mazima. Leo nimefungua. Ni ya tatu.

Tulipokuwa tunateremka aliniuliza, bila kunitazama, "Sasa unarudi lini?"

Nikamwambia, "Nimesharudi."

Akasema hajasikia. Nimekaa kushoto, nikakumbuka ndilo sikio lililokwenda. Nikasema tena kwa nguvu, nimesharudi. Akasema injini ina kelele. Nikamwinamia nikalipigia ukelele kamili, akatikisa kichwa, hajasikia. Nimelisema mara nne, Sindano. Mara ya nne ndipo nikamwona anacheka.

Mjomba wako, Bwana Maswali